Sina Homa, Mama

Kabati, Kitui
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku bara. Ule mguu wako wa kushoto umeshuka uvimbe? Na Saumu, bado anakusahaulisha dawa za presha kwa porojo zake, au sasa ameshakuwa mtu mzima? Mimi nipo, nala, nalala, nasali. Kabati kumekauka. Mvua ilianza vizuri ikakatika, na kila asubuhi watu hutoka nje, wakatazama juu, wakaingia tena ndani.

Najua unajiuliza: mtoto ana simu, ana salio, ya nini karatasi? Nitakwambia sasa hivi, maana nikizungukazunguka nitaishia kutokwambia. Kwenye simu ungesikia kifua changu. Ndiyo sababu siku hizi nakutumia ujumbe wa maandishi tu, na ukipiga nasema mtandao mbaya. Mtandao wa Kabati hauna ubaya wowote, Mama. Kifua ndicho kibaya.

Kaa chini kwanza. Saumu, mdogo wangu, kama ndiwe unayesoma, mpe Mama maji, na usiruke mistari kwa kumwonea huruma. Mama, sifi. Nimepimwa, na majibu ninayo, nitayafikia. Lakini lazima nianze mwanzo, kwa sababu mwishoni nina jambo la kukuomba, na nisipokueleza yote utanijibu kwa hofu.

Unajua nafanya kazi kwenye ghala la pojo. Huku wanaita ndengu. Ukisema pojo wanadhani umetaja jina la mtu. Wakulima huleta magunia, nami natia mkono mpaka chini, nachukua konzi, nauma punje moja nisikie kama imekauka, kisha napima unyevu kwa kimashine. Naipenda kazi hii. Mkulima akinitazama usoni huku nimetafuna punje yake, huwa najiona mtu wa maana, Mungu anisamehe.

Lakini watu wa huku na mambo yao nilichukua muda kuwazoea. Siku yangu ya kwanza mama mmoja mtu mzima aliingia ghalani, akanikazia macho akasema, "Wacha." Nilikuwa nimeshika bakuli la ndengu. Nikaliweka chini. Akasema tena, "Wacha." Nikarudi nyuma, mikono hewani. Mwende, huyu msichana tunayepima naye, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kumbe ndiyo salamu yao ya Kikamba! Unajibu "Aa," basi, yameisha.

Na huku hakuna "naomba", hakuna "tafadhali mwenzangu". Ni "leta hiyo", "kuja hapa", "wewe, shika upande hii." Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia chooni nikidhani wananidharau. Kisha nikaona kuwa huyo huyo aliyeniambia "kuja hapa" ananiitia chakula, ananimegea muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, na ananiwekea upande wenye maharagwe mengi. Maneno yao makavu, mikono yao laini. Na asubuhi ni lazima kila mtu ampe kila mtu mkono. Hata aliye juu ya rundo la magunia anashuka, anakupa mkono, anapanda tena. Nilizoea mpaka nikawa naona siku haijaanza kabla sijashikwa mkono na wote.

Mavuno yalipopamba moto, wakaleta mashine kubwa ya kupepeta, wakaiweka karibu na meza yetu. Vumbi lake ni jepesi, linaning'inia tu hewani. Nikaanza kupiga chafya. Macho yakawasha. Kisha kikohozi kikavu, na kifua kikawa kinabana ifikapo mchana. Kila aliyepita aliniuliza, "Uko na homa?" Nami najigusa shingo, naona mwili baridi, najibu, "Sina homa, alhamdulillahi." Kesho yake tena, "Mwanamisi, hiyo si homa?" Nami, "Hapana, sina homa kabisa." Nilijibu hivyo kwa kila mtu, na kwa fahari, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifunza kutojifanya mgonjwa nikiwa kazini.

Baada ya siku chache Mwende akaniletea kikombe. Cha bati, kijani, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Akasema, "Hii ni yako. Usitumie zingine." Mama, moyo ulijaa. Niliona wamefikiria kuwa mimi ni Mwislamu, wakanitengea chombo changu safi, bila hata kuombwa. Jioni nikamsimulia Bi Rukia, mwenye nyumba wangu. Babu zake walitoka huko kwetu Pwani lakini yeye amezaliwa hapa hapa Kabati, Kikamba anakijua mpaka matusi yake. Alinisikiliza, akasema, "Mmh," akaendelea kuchambua mchele.

Halafu mikono ikapungua. Aliye juu ya magunia akawa ananipungia tu kutoka huko juu. Wengine wakawa na shughuli kila ninapowakaribia. Nikajiambia ni uchovu wa mavuno.

Jumatatu kabla ya kazi huwa wanaomba kidogo, maana wengi ni watu wa kanisa, na msimamizi wetu, Bwana Mutua, ni mzee wa kanisa, mtu wa sweta hata jua likiwaka. Mimi husimama karibu na mlango kwa adabu, nikasema dua zangu kimoyomoyo. Jumatatu hiyo akaomba kwa sauti: "Baba, unajua ugonjwa yenye dada yetu anaficha. Mpe nguvu aseme." Nikamhurumia sana huyo dada. Nikazungusha macho nimtafute ni nani kati ya wanawake wale, na walipomaliza nikasema amin kwa sauti kubwa kuliko wote. Usinune, Mama, dua njema haina ubaya.

Ijumaa yake Bwana Mutua akanisimamisha mlangoni. Huku mtu hakuzungushii maneno. Akasema, "Mwanamisi, Jumatatu usikuje hapa bila karatasi ya daktari. Upimwe kifua. Niko na watu wengi hapa ndani."

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala wanakooshea vyombo, na hapo nikamkuta Mwende anamimina maji ya moto juu ya kikombe changu, kwa mbali, amekishika kwa kijiti. Nikamuuliza, "Mwende, nimewakosea nini?"

"Hakuna kitu umekosea."

"Basi hicho kijiti?"

Akatazama chini. Akasema, "Si wewe ndio unasema kila siku hauna homa?"

"Sina. Nishike uso."

"Sasa kama si homa, hiyo kukohoa yote ni ya nini? Mtu akiwa na homa tunajua ni homa, itaisha. Mtu akikohoa mwezi mzima na aseme si homa, hiyo ni ile ingine. Na unakataa."

Ndipo nikamuuliza, polepole, homa kwao ni nini. Akanionyesha: akavuta makamasi, akapiga chafya ya uongo, akafuta pua kwa mkono. Mama, huku mafua ndiyo homa! Nami muda wote huo nilikuwa nazungumzia joto la mwili. Nikamwambia kwetu homa ni ile ya kuchemka na kutetemeka chini ya blanketi. Akasema, "Aa, hiyo ni malaria." Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza kucheka, na kucheka kukanishika kifua nikainama nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Nilipoinuka hakuwa anacheka tena. Akaniuliza, "Sasa, mwaitu, kama si homa yetu na si homa yenu, ni nini?" Mwaitu ni mama kwa lugha yao, huniita hivyo kwa utani, lakini siku hiyo hakukuwa na utani ndani yake.

Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshausikia ule mluzi kifuani mwangu. Unaujua, Mama. Ule wa Baba. Saumu alipokuwa mdogo alikuwa akilaza kichwa juu ya Baba anaporudi kutoka ghala la simiti, anasema Baba ana ndege kifuani, na sisi tunacheka, na Baba anacheka, na wewe peke yako hucheki. Nawe ukimwambia aache ile kazi, yeye husema, "Si kitu, ni vumbi tu." Alisema vumbi tu mpaka siku alipokosa pumzi ya kulisemea.

Jumamosi nikaenda kliniki. Wakachukua makohozi, wakaniambia nisubiri majibu. Siku zile za kusubiri, Mama, sizitamani hata kwa adui. Nilikula peke yangu, nikamwambia Bi Rukia asiingie chumbani kwangu. Akaingia. Akaketi kitandani akaniambia, "Mimi nina umri huu, nitaogopa pumzi yako?" Nikalia kama mtoto. Simu yako iliingia wakati huo huo, nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza.

Majibu yakatoka: TB hakuna. Daktari ni msichana tu, pengine ni rika la Saumu, lakini anauliza maswali kama karani wa kadhi. Kifua huanza lini? Mchana. Jumapili je? Jumapili huwa mzima. Na Jumatatu? Jumatatu sijambo, mpaka mashine iwashwe. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwili yako imekataa hiyo vumbi ya ndengu. Ni aleji, na imefika kwa kifua."

Nikamwambia habari za Baba. Akasema mzazi akiwa na kifua cha namna hiyo, mtoto naye huweza kuwa nacho, kisha akauliza kama Baba alitibiwa. Nikasema yeye alikuwa akisema ni vumbi tu.

"Hakudanganya," akasema. "Ilikuwa vumbi. Ndio maana angetoka hapo."

Aliyasema bila ubaya, akiandika dawa, kama wasemavyo watu wa huku. Mimi nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Miaka yote nilidhani Baba alikuwa akitudanganya. Kumbe alikuwa akisema kweli, akakaa palepale.

Amenipa dawa ya kuvuta kwa mdomo na ya kumeza. Kitambaa cha pua nimefunga, wakulima wakaniuliza kama nimekuwa daktari wa meno. Lakini akaniambia waziwazi kuwa dawa na kitambaa ni vya kunivusha kwa sasa, na kwamba nikikaa karibu na mashine ile kifua kitazidi kuzoea kubana. Nitoke.

Nilirudi ghalani na karatasi yangu. Bwana Mutua akaisoma, akaisoma tena, akasema, "Basi pole. Tungekuuliza vizuri." Kwake hayo ni mengi. Chai ilipoletwa, Mwende akanyakua kikombe changu cha uzi mwekundu, akakijaza, akanywa mbele ya watu wote. "Leo hii ni yangu," akasema. "Mwaitu atafute yake." Nikanywea chake. Na yule wa juu ya magunia akashuka, akanipa mkono, akapanda. Sasa kila asubuhi nikiingia wananiuliza kwa sauti, "Mwanamisi, uko na homa gani leo, yetu ama yenu?" Sidhani watachoka na utani huo kabla mimi sijaondoka.

Na kuondoka ndiko kunakonikosesha raha, Mama.

Omari kaka yangu amenipigia kuhusu ile nafasi ya mapokezi kwenye hoteli huko Diani. Najua ni wewe uliyemsukuma, na najua ni kwa mapenzi. Kwenye hoteli hakuna vumbi. Nitakuwa karibu nawe, nitakuja nyumbani jioni, nitakukanda mguu. Nikiwaza hayo moyo unalainika. Kisha nawaza kusimama nyuma ya kaunta nikiwatabasamia wageni siku nzima, na ile elimu ya chakula uliyonisomesha kwa kuuza mahamri ikikaa bure, na moyo unakuwa mzito.

Upande mwingine ni huu. Bwana Mutua aliniita akasema kampuni inafungua banda la kukausha maembe na matunda kule Kilungu, upande wa Makueni, na anataka mtu wa kusimamia ubora. Akasema, "Wewe mtu wa Pwani, kule kuna baridi, utalia. Lakini hakuna ndengu." Nikamjibu inshallah. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo inshallah yenu mimi sijui kama ni ndio ama ni la. Jumatatu ile ingine nataka moja. Kama hutaki, sema hutaki."

Unaona walivyo? Mimi mtoto wa Msambweni sijawahi kumwambia mtu mzima "sitaki" usoni. Sisi tukikataa tunasema tutaangalia, na aliyekataliwa anaelewa na anashukuru. Huku ukisema utaangalia, watakungoja kweli.

Juzi tulikwenda kupaona, mimi, Mwende na Bwana Mutua. Ni vilima juu ya vilima, na vijia vyembamba kati ya mashamba, na ukungu asubuhi. Nilivaa sweta mbili na buibui juu, Mwende akasema nimekuwa gunia lililojaa vizuri. Wanawake walikuwa wanakata maembe, harufu yake kama jikoni kwetu msimu wa achari. Mimi niliyaangalia maembe lakini nilikuwa nasikiliza kifua. Siku nzima nilingoja ule mluzi, na kila nikipanda mlima nasimama nikijifanya natazama mandhari. Haukuja. Lakini siku moja ni siku moja, na daktari ameniambia baridi nayo huweza kuuamsha. Tena msikiti uko mbali, huko chini barabarani, na kule juu simjui mtu. Nikiugua kule, hakuna Bi Rukia wa kuniketia kitandani.

Wakati wa kurudi tulisimama pale njia inapoingia barabara kuu ya Mombasa, Bwana Mutua akinunua parachichi. Malori yanapita. Upande huu ni Nairobi, upande ule ni kwetu. Ningevuka tu upande wa pili nikapunga mkono, usiku ningelala kwako. Nilisimama pale nikiyatazama malori. Sikuvuka, na sikujua kama nimeshindwa au nimeamua.

Nisikilize, Mama. Mimi nataka Kilungu. Nimelisema. Nataka kazi ile, nataka watu hawa wenye maneno makavu. Ninachoogopa ni kwamba labda huu si uamuzi, labda ni ule ubishi wa Baba niliourithi pamoja na kifua chake. Baba naye aliipenda kazi yake. Baba naye alikuwa na sababu nzuri kila mwaka. Nitajuaje kuwa natoka kwenye vumbi, na si kwamba nimejitafutia vumbi jingine? Nimejipima kila namna, nami sijiamini. Nikijisikiliza mwenyewe nasikia ninachotaka kusikia.

Wewe ulilala kando ya kifua kile miaka yote. Hakuna daktari anayekijua kukushinda.

Msalimie kaka Omari, mwambie asinikasirikie, na asiwajibu watu wa hoteli kwa niaba yangu. Shangazi Mwanatumu, yule anayeniombea mume kila Ijumaa, mwambie huku waume wapo lakini wanasema "kuja hapa". Mjomba Bakari mpe nusu ya asali niliyotuma pamoja na barua hii, na umwambie nusu ndiyo yote. Bi Rukia anakusalimu kama dada yake, na Mwende anasema "Wacha". Wewe mjibu "Aa". Saumu, hizo pojo zilizo kwenye kifurushi zichambue vizuri, mbovu nimezitoa lakini mawe siahidi.

Sasa ombi langu. Barua hii itakufikia kabla ya Ijumaa. Ijumaa baada ya swala nitakupigia. Usiniulize habari, usinitolee salamu, na Saumu azime redio. Mimi nitaweka simu kifuani, nami sitasema neno, nitapumua tu. Usikilize uwezavyo. Ukimsikia yule ndege, niambie rudi, nami nitavuka barabara bila ubishi. Usipomsikia, nipe radhi yako niende Kilungu. Chochote utakachosikia, Mama, niambie kama wanavyosema watu wa huku, bila kunizungusha.

Mwanao akupendaye,
Mwanamisi